Jinsi ya kurithisha mila za Krismasi za familia yenu kabla hazijapotea: mwongozo kamili

Kila familia inayosherehekea Krismasi ina mambo yake ambayo mgeni akiyakuta anabaki kushangaa. Kuna nyumba zawadi haziguswi mpaka babu asome Luka sura ya pili, kuna nyumba mtoto mdogo kuliko wote ndo anamweka Mtoto Yesu kwenye pango, kuna nyumba watu wanaimba kwa sauti mbovu kabisa na ole wako useme tuwashe redio badala yake. Na karibu kila nyumba kuna mtu mmoja, mara nyingi mama au bibi, ambae ratiba yote iko kichwani kwake. Huyo mtu akiumwa, akisafiri au akitangulia mbele ya haki, mnabaki kuangaliana, hakuna anaejua ile nyota ya juu ya mti iko boksi gani wala nani huwa anaanzisha ule wimbo wa mwisho.

Huu mwongozo ni wa yule anaezipenda hizo mila na anatamani wanae na wajukuu waziendeleze. Niseme msimamo wangu mapema kabisa: mtoto harithi alichokiona, anarithi alichokifanya. Unaweza kuandaa Krismasi tamu miaka na miaka, watoto wamekaa kwenye makochi wanapiga picha, wakija kuwa watu wazima wanasema "enzi za mama Krismasi ilikuwa Krismasi" halafu wao kwao wanaagiza chakula wanaangalia TV basi. Sio kwamba wana roho mbaya, hawajui tu vile vitu vinafanywaje kwa sababu hawakuwahi kuvishika. Kwa hiyo utaona karibu kila hatua hapa chini inaishia kwenye kumpa mtu kazi.

Kwanza, ondoa hofu ya "mila zetu sio za kale"

Watu wengi wanajidharau, wanaona kwao hakuna mila za maana, ni vijitabia tu vya nyumbani. Sasa angalia hizi zinazoonekana za kale. Igizo la pango la Bethlehemu lenye wanyama hai na majani makavu linajulikana zaidi kupitia Mtakatifu Fransisko, alilifanya Greccio, Italia, Krismasi ya mwaka 1223. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapwa kibiashara ilitoka London mwaka 1843, Henry Cole alikuwa na barua nyingi za kujibu akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kitu cha kutuma kwa watu wote kwa mpigo. Yaani chanzo ni mtu kubanwa na muda!

Ninayoipenda mimi ni ya taji la Majilio, yale majuma manne ya kuisubiri Krismasi. Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri, alikuwa analea watoto maskini huko Hamburg, na watoto kila siku wanamsumbua Krismasi imebaki siku ngapi, imebaki siku ngapi. Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa, midogo ya siku za kawaida na mikubwa minne ya Jumapili, kila siku unawashwa mmoja, watoto wakawa wanajihesabia wenyewe. Leo taji la mishumaa minne liko makanisani dunia nzima. Lilianza kama jibu la kero za watoto, kwa hiyo na hicho kijitabia chenu kina haki ya kuitwa mila, anza nacho kazi.

Hatua ya 1: Andika mnachokifanya kweli

Sio unachodhani mnafanya. Muulize kila mtu peke yake, swali moja tu: "Krismasi ikikosa kitu gani utaona haijafika?" Usiliulize kwenye grupu la WhatsApp, manake wa kwanza akijibu "kwenda kanisani wote" wengine watagonga dole gumba na habari imeishia hapo. Piga simu, au uliza mkiwa mnaosha vyombo. Na watoto waulize mbali na wazazi wao, la sivyo watakujibu kile wanachojua mama anataka kusikia.

Majibu yatakushangaza. Wewe umehangaika na mapambo wiki tatu, mtoto anakwambia anachopenda ni ile siku wageni wanajaa hadi watoto wote wanalala chini kwenye chumba kimoja wanapiga stori mpaka wanafokewa. Hiyo nayo iandike, pengine ndo mila yenyewe.

Kisha chukua karatasi, gawa safu tatu: jambo lenyewe, nani analifanya, na nani mwingine analiweza. Hiyo safu ya tatu ndo ya kuangalia kwa makini. Popote ilipo tupu, mila hiyo imeshikiliwa na roho ya mtu mmoja, na ndo ya kuanza kushughulikia mwaka huu huu.

Hatua ya 2: Tenganisha kiini na ganda

Huwezi kurithisha vyote, na ukijaribu utarithisha uchovu. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Barbara Fiese na wenzake walipitia tafiti za miaka hamsini kuhusu taratibu na mila za familia, na wakatofautisha vitu viwili ambavyo sisi huwa tunavichanganya. Utaratibu unasema kifanyike nini, ukishafanyika umeisha. Mila inasema sisi ni akina nani, na ndo maana ikivurugika watu wanaumia kuliko ukubwa wa kitu chenyewe. Kununua vitu vya sikukuu mapema ni utaratibu. Baba kuwasha mshumaa na kutaja majina ya wote ambao hawapo, hiyo ni mila.

Kila kilichopo kwenye orodha kijaribu kwa maswali haya: tukiwa watu wawili tu kitafanyika? Mwaka ambao hela hakuna kitafanyika? Tukihama nyumba je? Kikiwa kinategemea nyumba moja, mtu mmoja au mfuko mnene, usikitupe, tafuta kiini chake ukivue ganda. Mfano familia ilikuwa inakusanyika kwenye nyumba ya babu yenye sebule kubwa, watu thelathini, nyumba ikauzwa, watu wakasema basi imekwisha. Lakini ukiwauliza walichokuwa wanakisubiri ni saa ile babu anasimama anambariki kila mmoja kwa jina lake. Hiyo haihitaji sebule kubwa, inahitaji mtu wa kusimama.

Halafu kuna zile mambo ambazo kila mtu anazifanya kwa kumwogopa mama tu. Hizo ziulize kwa upole, ikibainika hata mama mwenyewe alikuwa anazifanya kwa kumwogopa mama mkwe wake, jamani ziacheni zipumzike.

Hatua ya 3: Chimba stori kwa wazee

Mila bila stori ni kazi ya ziada tu. Kijana atavumilia kukunja kunja makaratasi ya mapambo ya zamani kama anajua bibi aliyatengeneza mwaka ambao hakukuwa na hela ya kununua hata moja. Bila hiyo stori ni takataka za boksi.

Chuo Kikuu cha Emory huko Atlanta, Marekani, wanasaikolojia Marshall Duke na Robyn Fivush waliwapa watoto maswali ishirini ya ndiyo au hapana kuhusu familia zao, kama vile unajua babu na bibi zako walikulia wapi, unajua wazazi wako walikutana vipi. Watoto waliojua mengi walionekana kujiamini zaidi na kujiona wana uwezo juu ya maisha yao. Ila Duke mwenyewe alitahadharisha watu wasikimbilie kuwakaririsha watoto majibu, kwa sababu nguvu iko kwenye ule mkao wa kusimuliana tena na tena, na sikukuu ni moja ya mikao hiyo.

Sasa namna ya kumrekodi mzee. Usifanye tarehe 25, siku hiyo kuna kelele na amechoka, fanya wiki kadhaa kabla au baada. Simu yako iweke hali ya ndege isije ikaita katikati, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa badala ya meza kavu (meza inabeba kila mgongano wa kikombe), iwe karibu na mdomo wake kuliko wako, zima TV na feni. Rekodi dakika moja, sikiliza, kama iko sawa endelea. Anza kwa kutaja kwa sauti jina lake, tarehe na mahali, manake baada ya miaka ishirini hutakumbuka ni lini.

Maswali usiulize "Krismasi zenu zilikuwaje?" utajibiwa "zilikuwa nzuri mwanangu" ufunge daftari. Uliza vidogo: nani alikuwa anaamka wa kwanza? Mlivaa nini? Usiku wa kuamkia ulikuwa unalala wapi na nani? Zawadi gani unaikumbuka? Kuna Krismasi mlilia? Nani alikuwa anaimba vizuri, na nani alikuwa anajidai? Akinyamaza, nyamaza na wewe, usikimbilie swali lingine, vitu vizuri huwa vinakuja baada ya ukimya. Akikosea mwaka usimsahihishe pale pale. Nusu saa inatosha, rudi siku nyingine. Mzee asiependa kuongea mpe picha ya zamani ashike mkononi, utashangaa.

Na nyimbo! Watu wanarekodi stori wanasahau nyimbo. Mwombe aimbe mwanzo mpaka mwisho, beti zote kwa mpangilio wenu wa nyumbani, hata kama sauti inakatika. Hilo hakuna kitabu cha nyimbo kitakurudishia.

Kazi ya kurekodi mpe mjukuu, wewe kaa pembeni. Wazee wanawaambia wajukuu mambo ambayo watoto wao wenyewe hawajawahi kuyasikia, nadhani kwa sababu mjukuu hana deni la zamani nao.

Hatua ya 4: Hifadhi vizuri, sio kwenye simu tu

Hapa nitapita haraka lakini usiruke. Faili lipe jina linaloanza na tarehe, mwaka kwanza, mfano 2025-11-09-bibi-krismasi-za-utotoni, hapo mafaili yatajipanga yenyewe. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba yako, kwa ndugu au mtandaoni. Ya mtandaoni hakikisha mtu mwingine anajua nywila, akaunti ya marehemu ni kaburi la picha nyingi sana.

Picha za karatasi andika nyuma kwa penseli laini, pembezoni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino inaacha alama upande wa mbele na wino unaweza kuhamia kwenye picha nyingine. Usibandike kwa gundi wala selotepu. Ukiziskani, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa picha ya kawaida, zile ndogo sana weka 600. Huna skana? Iweke karibu na dirisha mchana, zima fleshi, simu iwe sambamba na picha, piga.

Majina ya waliomo andika leo. Wote. Hata yule mtoto aliekatwa nusu pembeni.

Hatua ya 5: Pima mkono wa mpishi

Kila familia ina chakula kimoja ambacho kisipokuwepo mezani watu wanauliza kulikoni, na anaekijua anapika kwa macho. Ukimuuliza kiasi gani anakwambia "kiasi tu", na hakunyimi, kweli hajui. Usimlazimishe atumie vikombe, ukimwekea vikombe mkono unasahau na chakula kinatoka kingine. Fanya hivi: kila kiungo kiweke kwenye chombo chake na ukipime kwenye mizani kabla hajaanza. Aendelee kupika kama kawaida yake. Akimaliza pima kilichobaki, toa, tofauti ndo kiasi alichotumia. Andika pia muda na dalili, sio kimekaa motoni dakika ngapi tu bali anaangalia nini, ananusa nini, anasikiliza nini ndipo anasema "tayari". Mara nyingi siri iko hapo.

Rudia mara mbili, kwa sababu mkono unacheza na wastani ndo utakaoandika. Mara ya tatu unapika wewe yeye amekaa, na akikukosoa andika maneno yake vile vile alivyoyasema, na kejeli zake humo humo, ni sehemu ya urithi.

Hatua ya 6: Gawa kazi kwa umri, na usizinyang'anye

Hii ndo hatua yenyewe kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Miaka miwili mpaka mitatu: mpe kitu kimoja cha kubeba au kuweka. Kondoo wa pangoni asievunjika, kitambaa cha mezani, pambo la plastiki la kutundika tawi la chini. Atatundika mapambo kumi tawi moja, mti utainama, uache umeinama. Wazazi wengi usiku watoto wakilala wanaamka kupanga upya, na asubuhi mtoto anakuta kazi yake imefutwa. Watoto wanaona, usidhani hawaoni.

Minne mpaka sita wanapenda kurudia na ni wakali wa sheria kuliko askofu, ukibadilisha kitu watakwambia "mwaka jana haikuwa hivi". Watumie hao kama walinzi wa utaratibu. Mpe kuhesabu siku za Majilio, kufungua kijidirisha cha kalenda ya Majilio (ile yenye kijidirisha kimoja kwa kila siku), kutangaza kwa sauti "bado siku nne!" Mishumaa awashe mkubwa, yeye azime.

Saba mpaka kumi tayari wanaweza kusoma mbele za watu. Mpe aya, afanye mazoezi, asimame. Anaweza pia kuandika majina kwenye zawadi, kupanga viti, kuongoza wadogo zake kwenye igizo. Umri huu pia ndo wa kumwambia stori zenyewe, na kumwomba azisimulie yeye kwa mgeni, manake ukishasimulia mara moja stori inakuwa yako.

Kumi na moja mpaka kumi na nne ndo wanaanza kununa. Hapa wazazi wengi wanawaachia, "acha, ni umri", na mila inakatikia hapo hapo. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kumpa jambo zima, sio kipande: muziki wote wa siku ile ni wako, au taa zote ni zako, bajeti hii hapa, sitaki kuulizwa. Akichagua nyimbo zinazokukera vumilia, omba moja tu ya zamani iwemo.

Vijana wa kumi na tano kwenda juu wape mamlaka ya kubadilisha. Waambie wazi: kiini ni hiki, ganda fanyeni mtakavyo. Na kijana akileta rafiki au mchumba, yeye ndo amweleze mgeni kila kitu kinachoendelea na kwa nini. Kumbe kumweleza mgeni ndo njia ya haraka ya mtu kugundua kwamba yale mambo anayapenda.

Jambo moja kwa wababa. Kwenye nyumba nyingi kazi za Krismasi zote wanazibeba wanawake halafu tunashangaa watoto wa kiume wakioa wanafuata mila za ukweni tu. Hawakupewa chochote cha kubeba. Gawa kazi bila kuangalia huyu wa kike huyu wa kiume, na mtoto wa kiume afundishwe chakula kile cha Hatua ya 5 kama dada zake.

Hatua ya 7: Fungueni daftari la Krismasi

Daftari gumu, la karatasi, linakaa ndani ya boksi la mapambo ili lionekane mara moja kwa mwaka lenyewe likijileta. Kila mwaka kurasa mbili tu: waliokuwepo, waliokosekana na kwa nini, nani alisoma, nani aliomba, nini kiliungua, nani alisema neno gani mpaka watu wakacheka. Kila mtu aandike mstari wake kwa mkono wake, mtoto asiejua kuandika achore au azungushie kiganja chake penseli. Mwaka unaofuata kabla ya kuandika mpya, someni wa nyuma kwa sauti.

Usilifanye liwe la kupendeza. Madaftari ya kupendeza yanaogopwa, mtu anaona mwandiko wake utaharibu.

Hatua ya 8: Ndoa, ukwe na tarehe

Mtoto akioa au akiolewa, mila zako zimekutana na za wengine, na hapa ndo ugomvi wa kimya kimya unaanza, wifi hivi, mama mkwe vile. Wenye ndoa wakae wawili kwanza, kila mmoja ataje vitu viwili tu asivyoweza kuviacha, viwili, sio kumi. Vinne vinatosha kabisa kuanzisha nyumba mpya, na mwaka wa kwanza muongeze kimoja ambacho hakitoki upande wowote.

Wewe mzazi kazi yako ni kulegeza tarehe. Kumbuka tarehe haijawahi kuwa moja kwa Wakristo wote: Waorthodoksi wa Ethiopia, na pia wale wanaofuata kalenda ya zamani ya Juliasi, wanasherehekea Januari 7, na kwa desturi ya makanisa ya magharibi Krismasi yenyewe ni majira ya siku kumi na mbili kuanzia Desemba 25 mpaka kuamkia sikukuu ya Epifania, Januari 6. Kwa hiyo una siku nyingi. Mwambie mkwe wako "tarehe 25 nendeni kwa wazazi wako, sisi tutakutana tarehe 28, kila kitu kitafanyika kama kawaida". Utakuwa umeokoa mila na umepata sifa za bure ukweni.

Hatua ya 9: Walio mbali

Kupiga simu ya video mkiwa mmeshaanza kula haisaidii, yule wa mbali anaangalia sahani za wenzake tu, inauma zaidi. Mpe kazi kama wengine. Yeye ndo asome aya, au aongoze wimbo, na kwa kuwa sauti mtandaoni inachelewa msijaribu kuimba pamoja, aimbe ubeti yeye, nyie mjibu kiitikio. Pangeni saa kwa kuangalia saa za kwake. Wiki kadhaa kabla mtumieni bahasha yenye pambo moja la nyumbani, nakala ya ukurasa wa daftari na ile karatasi ya mapishi, apike huko huko. Mtoto wenu aliezaliwa ugenini hatazijua mila kwa kusikia kwamba kwa bibi kuna raha, atazijua zikifanyika kwenye chumba anacholala.

Hatua ya 10: Mwaka wa msiba

Krismasi ya kwanza baada ya kifo watu wanagawanyika, kuna wanaotaka kila kitu kiwe vile vile na kuna wanaotaka tusisherehekee kabisa. Kaeni mapema, mwanzoni mwa Majilio hivi, mzungumze waziwazi nani atafanya kile alichokuwa anafanya marehemu. Msiache mpaka siku yenyewe mtu mmoja ajikute anasimama pale kwa kuwa kila mtu kanyamaza, ni mzigo mkubwa huo. Mwaka huo mnaweza kuamua kazi ile ifanywe na watu wawili kwa pamoja, au isifanyike na mseme wazi kwamba mwaka huu haifanyiki. Poland kuna desturi ya kuandaa sahani moja ya ziada kwenye mlo wa mkesha wa Krismasi, kwa ajili ya mgeni ambae hakutarajiwa, na familia nyingi huko sahani hiyo inawakumbusha pia waliotangulia. Kitu cha namna hiyo kinasaidia kwa sababu kinampa marehemu nafasi bila kumlazimisha mtu kuhutubia.

Atakaelia alie, sikukuu haijaharibika.

Hatua ya 11: Kabidhi ukiwa hai, halafu nyamaza

Kwa kila mila kubwa hesabu miaka mitatu. Wa kwanza mrithi anafanya na wewe. Wa pili anafanya yeye, wewe uko jikoni kama msaidizi na unasubiri uulizwe. Wa tatu wewe ni mgeni kwake, unakuja na nguo zako safi unakaa. Huo wa tatu ni mgumu kuliko yote. Ataweka nyota upande, atasahau ubeti wa tatu, atapika kwa chumvi nyingi, na ukifungua mdomo tu "mimi nilikuwa nafanya..." umemnyang'anya. Kama lazima useme, sema wiki ijayo, mkiwa wawili.

Na kama hakuna anaetaka? Inatokea. Usitishie watu na kifo ("nikifa mtajua"), haijawahi kumfanya mtu apende kitu. Mwombe mmoja, yule mwenye moyo mwepesi, akusaidie jambo dogo mwaka huu kwa sababu mgongo unauma, ambao kweli unauma. Pia angalia wapwa, watoto wa kufikia, hata mtoto wa jirani anaependa kushinda kwenu, mila hazipimi damu. Kama hata hao hakuna, bado una zile rekodi na daftari, na si ajabu mtu akiyafungua siku anapopata mtoto wake wa kwanza, huo ndo wakati watu wazima wengi wanapiga simu kuuliza "hivi sisi tulikuwa tunafanyaje?"

Ratiba ya mwaka kwa kifupi

Majilio yanaanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, kati ya Novemba 27 na Desemba 3, na ukisubiri hadi hapo umechelewa kwa mambo mengi. Rekodi za wazee na kupima mapishi fanya katikati ya mwaka, wana muda na wewe una utulivu. Oktoba uliza lile swali moja na ujaze safu tatu. Novemba gawa kazi, bahasha za walio mbali ziende. Desemba usianzishe kitu kipya zaidi ya kimoja, tafadhali. Tarehe 6 Januari mkiwa mnashusha mapambo, yule mtoto wa miaka kumi na mbili aandike juu ya kila boksi kuna nini ndani, daftari liwe juu kabisa, na kabla hamjafunga ulizaneni kitu gani mwaka huu kilikuwa cha hovyo ili mwakani kisirudi.